Kabla ya Kuzima, Ondoa Mhudumu

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zimenikaba, lakini leo kuna jambo limenikera na sitalala kabla sijaliandika.

Ile hadithi ya msichana wa Japani imerudi tena. Bila shaka umewahi kutumiwa. Kuna kituo kidogo cha reli kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Theluji kila mahali, abiria hakuna. Kampuni ya reli inataka kukifunga, kisha inagundua kwamba kuna mwanafunzi mmoja anayekitumia kwenda shule. Basi inaamua kukiacha wazi kwa ajili yake peke yake, treni inasimama mara mbili kwa siku kufuata saa zake za masomo, mpaka amalize shule. Picha ya msichana, picha ya theluji, machozi.

Mara ya kwanza niliisoma Januari 2016. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kugombania chaja ya simu. Hadithi ilitoka kwenye ukurasa wa Facebook wa televisheni ya taifa ya China, CCTV, na baada ya siku chache ilikuwa imezunguka dunia. Shangazi yangu aliituma kwenye kundi la familia akiongeza maneno "serikali yetu ione". Wiki iliyopita imetumwa tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la sisi tunaoandika programu, na mtumaji akaweka fundisho chini yake: mteja ni mfalme, usizime huduma hata kama amebaki mtumiaji mmoja. Watu wakamwaga makopakopa.

Mimi nikaandika kwamba hadithi yenyewe si ya kweli. Nikaambiwa sina moyo.

Haya, tuanze na ukweli. Kituo alichotumia msichana yule kiliitwa Kyu-Shirataki. Kilichotajwa kwenye hadithi ni Kami-Shirataki, kituo kingine kwenye reli ileile. Shirataki maana yake ni maporomoko meupe ya maji. Kulikuwa na Kami-Shirataki, yaani ya juu, kisha Shirataki yenyewe, kisha Kyu-Shirataki, yaani ya zamani, halafu Shimo-Shirataki, ya chini. Vyote viko kwenye reli kuu ya Sekihoku, ambayo ina urefu wa kilomita 234 kutoka Shin-Asahikawa hadi Abashiri. Mwaka 2015 kampuni ya JR Hokkaido ilieleza mpango wa kufunga hivyo vitatu vidogo, na tarehe 26 Machi 2016 vikafungwa vyote siku moja. Shirataki ikabaki.

Treni hazikupangwa kwa ajili ya msichana. Zilikuwa treni za kawaida, zenye abiria wengine waliopanda vituo vingine, na zilisimama Kyu-Shirataki kwa sababu kituo kilikuwa njiani. Kwamba kilifungwa mwezi uleule aliomaliza shule si muujiza pia. Kule Japani mwaka wa shule huisha Machi, na kampuni za JR hufanya mabadiliko makubwa ya ratiba zao Machi. Kalenda mbili zilikutana.

Sasa, wengi wakifika hapo hufunga mjadala: uongo, tuendelee na maisha. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Kuna swali ambalo katika miaka yote hii sijaona mtu akiliuliza kwenye makundi yetu. Kituo chenye abiria wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja kiliwezaje kuishi mpaka 2016?

Jibu ni kwamba kilikuwa rahisi kukiweka hai. Rahisi mno. Na urahisi huo haukuja kwa bahati, ni ubunifu wa watu waliofikiria sana.

Kituo kama hicho kinakuwa na jukwaa fupi, kibanda cha mbao cha kujikinga na upepo, bango la jina na ratiba iliyobandikwa. Basi. Hakuna mkuu wa kituo, dirisha la tiketi, lango wala mashine ya kuuzia tiketi. Vingi vya Hokkaido havikuzaliwa hata kama vituo kamili. Kyu-Shirataki ilianza mwaka 1947 kama mahali tu pa treni kusimama, na ikapewa hadhi ya kituo tarehe 1 Aprili 1987, siku ambayo shirika la reli la taifa lilivunjwa na kugawanywa kuwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo.

Nauli inalipwaje basi? Hapa naomba msomaji unisikilize vizuri kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Treni za reli hizo za mashambani huendeshwa kwa utaratibu wanaouita wanman, neno walilolitohoa kutoka Kiingereza, yaani mtu mmoja. Dereva yuko peke yake, hakuna kondakta. Mara nyingi treni yenyewe ni behewa moja la dizeli. Unaingia kwa mlango wa nyuma. Kando ya mlango kuna kimashine kinachotoa kijikaratasi chenye namba, kinaitwa seiri-ken. Namba hiyo haijui jina lako wala unakokwenda. Inasema jambo moja tu: ulipanda wapi. Mbele, juu ya kiti cha dereva, kuna ubao wa nauli. Kila namba ina nauli yake, na kila treni inapopita kituo nauli hizo hupanda. Ukifika kwako unakwenda mlango wa mbele, unatazama namba yako kwenye ubao, unatumbukiza kijikaratasi na sarafu kwenye sanduku lililo kando ya dereva. Kama una noti, sanduku hilohilo linakuvunjia. Mwanafunzi mwenye pasi anamwonyesha dereva na kushuka. Ukipoteza kijikaratasi, kwa kawaida utadaiwa nauli ya tangu mwanzo wa safari ya treni, kwa hiyo hukipotezi.

Wewe unayeandika programu za seva, umeona walichofanya? Kituo hakikumbuki chochote. Kumbukumbu yote ya safari ameishika abiria mkononi, na hesabu inafanyika ndani ya behewa. Umeme ukikatika kituoni, nauli bado inalipwa. Theluji ikifunika kibanda, nauli bado inalipwa. Na hakuna mtandao unaohitajika popote.

Lakini uzuri mkubwa zaidi ni huu. Vitu vinavyoharibika, yaani kimashine cha namba, ubao, sanduku la pesa, vyote viko kwenye treni. Treni inarudi karakana, na karakana ndiko mafundi waliko. Hakuna anayetumwa kilomita 60 kwenye theluji kwenda kuwasha upya mashine iliyoganda. Kitu kikiharibika kinajipeleka chenyewe kwa fundi! Nimefanya kazi kwenye miradi mitatu yenye vifaa vilivyotawanywa mashambani, na yote mitatu ilikufa kwa sababu kifaa kilikuwa huku na fundi yuko Nairobi. (Kuhusu zile kadi za nauli za matatu tulizosukumiwa hapa Kenya mwaka 2014 sisemi kitu leo. Makanga wangu wa asubuhi bado anapokea pesa taslimu na M-Pesa.)

Ndiyo maana vituo vya namna hii vimejaa. Hesabu ya wizara yao ya uchukuzi ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vyote vya reli vya Japani, ambavyo ni zaidi ya 9,400, havina mhudumu. Karibu nusu! Kila mtu anapopiga picha za Shinkansen, nusu ya pili ya nchi inapanda treni kwa kijikaratasi.

Hoja yangu sasa. Sisi watu wa programu tunajua hali mbili tu za huduma. Ama inakua, na hapo tunaiwekea watu, seva, ukurasa mpya na rangi mpya. Ama haikui, na hapo tunaizima. Katikati hatuna kitu. Reli ya Japani ina hali ya tatu katikati, na huduma inaweza kukaa humo miaka 30 au 40: mhudumu ameondoka, taa imepunguzwa, treni bado inasimama. Abiria aliyebaki hapati dirisha la tiketi wala mtu wa kumwambia pole. Anapata usafiri.

Nawaambia haya kwa sababu mimi nimezima kitu ambacho sikupaswa kuzima.

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya kazi ya kandarasi kwa chama kimoja cha ushirika cha maziwa, sitakitaja. Kulikuwa na huduma ya zamani ya arafa. Mfugaji anatuma namba yake ya uanachama kwenye namba fupi, anajibiwa lita alizopeleka mwezi huo. Ile namba fupi ililipiwa kila mwezi na haikuwa rahisi. Tukaandika programu ya simu mpya, nzuri kabisa, ina grafu na picha ya ng'ombe. Mwenyekiti akaniuliza: hii ya arafa bado inatumiwa na watu wangapi? Nikaingia kwenye hifadhidata, nikahesabu namba za simu tofauti zilizotuma arafa mwezi uliopita. Sita. Nikaandika sita kwenye ripoti, mkutano ukacheka, Ijumaa jioni nikazima.

Nilihesabu namba za simu. Sikuhesabu arafa. Ningehesabu arafa ningeona kwamba namba moja kati ya zile sita ilituma zaidi ya 300 kwa mwezi. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu mwenye duka karibu na kituo cha kukusanyia maziwa. Majirani wasio na simu, au wenye simu isiyo na chaji, walimwachia namba zao za uanachama kwenye daftari. Kila Jumamosi alikuwa akiwaulizia mmoja mmoja na kuwaandikia majibu. Kaya zaidi ya 40 zilikuwa nyuma ya "mtumiaji" mmoja.

Mwisho wa mwezi karani alikosea kuingiza takwimu. Mama mmoja aliyepeleka lita 211 akaandikiwa 112. Zamani angegundua Jumamosi ya kwanza. Safari hii aligundua pesa zilipoingia, juma la kufungua shule. Kurekebisha kulichukua siku 19, na kwa siku hizo 19 kijana wake wa kidato cha pili alikaa nyumbani. Mwalimu ndiye aliyenipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, ile namba mliipeleka wapi?"

Kwa hiyo mtu akiniambia nisizime huduma hata akibaki mtumiaji mmoja, kwanza nauliza: umejuaje ni mmoja? Katika reli za mashambani za Japani abiria wakubwa ni wanafunzi wa sekondari na wazee. Ukisimama jukwaani kuhesabu vichwa utahesabu mwanafunzi mmoja. Hutamwona mzazi ambaye hakulazimika kuacha kazi amwendeshe mtoto mpaka Engaru kila asubuhi.

Baada ya simu ya Mwalimu nilirudisha ile huduma, ila nilikataa kuirudisha kama ilivyokuwa. Namba fupi tuliiacha. Nilichukua simu kuukuu ya ofisi, nikatia kadi ya kawaida, nikaiunganisha na tarakilishi iliyokuwa ikiwaka kwa kazi nyingine hata hivyo. Inapokea arafa mchana kutwa na inajibu zote mara moja kwa siku, saa 1 jioni. Hakuna msaada kwa wateja wala grafu. Programu yote ina mistari 140 hivi. Mwalimu alilalamika kidogo kuhusu kusubiri mpaka jioni, kisha akazoea. Gharama yake kwa mwezi ni ndogo kuliko chai ya mkutano mmoja wa kamati.

Sasa wale wa kundini watasema nimependa mno reli ya Japani. Hapana. Kuondoa mhudumu si bure, na anayelipia mara nyingi siye aliyeamua. Mwaka 2020 watu wenye ulemavu katika mkoa wa Oita, kisiwa cha Kyushu, waliishtaki JR Kyushu mahakamani kuhusu vituo visivyo na wahudumu. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kufika tu na kupanda, inabidi apige simu mapema ili atumwe mtu wa kumsaidia, wakati mwenzake mwenye miguu anaingia bila kumwomba mtu. Mwaka 2022 wizara ikatoa mwongozo kwa kampuni za reli kuhusu vituo hivyo. Nikiitazama ile simu yangu kuukuu naona kasoro ileile: asiyejua kusoma bado anamtegemea Mwalimu, na Mwalimu si mfanyakazi wa chama.

Pia kituo bila mhudumu hakiishi milele. Kule Hokkaido theluji lazima iondolewe jukwaani iwe abiria ni mmoja au mia, na idadi ya watu vijijini inashuka mwaka hadi mwaka. Novemba 2016, miezi minane tu baada ya Kyu-Shirataki kufungwa, JR Hokkaido ilitangaza kwamba haiwezi tena peke yake kuendesha njia zenye jumla ya kilomita 1,237, karibu nusu ya mtandao wake wote. Sekihoku ilikuwemo, pamoja na kwamba treni za mizigo hupita humo na vitunguu vya Kitami kila msimu wa mavuno. Machi 2021 vituo vingine 18 vya Hokkaido vilifungwa kwa siku moja, na wakati huohuo baadhi ya halmashauri zikakubali kubeba zenyewe gharama za kutunza vituo vyao vidogo ili visifungwe. Hiyo nayo ni njia ambayo sisi hatuijaribu: badala ya kuzima, mkabidhi funguo yule anayekihitaji.

Na kufungwa kuna alama inayobaki. Leo ukitoka kituo cha Kamikawa, kituo kinachofuata ni Shirataki, umbali wa kilomita 37.3. Hakuna vituo viwili jirani vilivyo mbali hivyo kwenye reli zote za kawaida za JR, ukiacha Shinkansen. Katikati hapo kulikuwa na majina ya vituo, sasa ni miti na theluji.

Lakini tazama walivyofunga. Walisema mapema, mwaka mmoja kabla ya mwingine kuanza. Walifunga kwenye tarehe ambayo kila mwenye mtoto shuleni anaijua. Hata kama ni kalenda tu zilizokutana, matokeo ni kwamba mwanafunzi yule alimaliza shule akitumia treni ileile aliyoanza nayo. Mimi nilizima Ijumaa jioni katikati ya muhula, bila kumwambia hata mmoja kati ya wale sita. Nilikuwa na namba zao zote za simu, jamani. Ningeweza kuwatumia arafa.

Ile simu kuukuu imeendelea mpaka leo. Imebadilishwa betri mara mbili. Sasa chama kinahamia mizani mpya inayotoa risiti papo hapo kwa kila mfugaji, karatasi yenye lita zake, anakwenda nayo nyumbani. Majaribio ya miezi mitatu yamekwenda vizuri, na kwa mara ya kwanza naona huduma ya arafa haihitajiki tena. Tutaizima mwisho wa Desemba, baada ya bonasi kulipwa na shule kufungwa. Wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe kubandika tangazo pale kwenye kibanda cha maziwa na nakala moja dukani kwa Mwalimu. Alivaa miwani, akalisoma mara mbili, kisha akasema maandishi ni madogo mno, wazee hawatayaona kutoka kwenye foleni. Nimechapisha mengine usiku huu, herufi kubwa mara tatu. Kesho nayatuma na gari la maziwa la saa 11 alfajiri.